Kamba ya Picha ya Kwanza

...na daraja ikaanguka, mbao moja moja, kra, kra, kra, siku hizi wameweka sauti ya ukweli, unasikia mpaka mawe yakigonga maji huko chini kabisa, na Mzee Taa wa gemu amesimama upande ule mwingine na taa yake mkononi, anaangalia nyuma kama mtu ameitwa, na hapo ndio Ekiru akaona kwa kile kimkoba cha chini ya skrini kuna barua, kuna kisu, kuna nusu mkate, na kamba haiko, akaangalia tena, barua, kisu, mkate, kamba haiko, amevuka bila kamba, tena, miaka kumi amekaa akijua hiyo kitu venye anajua jina ya mamake na bado amevuka bila kamba, lakini si yeye, ni Wato, ni Wato mwenye alifungua mdomo wakati kidole ilikuwa tayari inashuka kwa mausi, Wato wa boda, amesimama hapo kwa meza ya Kaberia akingoja simu ijae chaji, helmeti amevaa kwa kiwiko kama kikapu ya sokoni, na alisema tu hivi, polepole, venye mtu anasema nyanya imepanda, "Mmesikia mbwa ya Lomorukai huko Gotu iligongwa rungu jana? Ilishikwa na kichaa, abbo, ilikuwa inauma mpaka miti," na Kaberia, mwenye hii saiba ya kompyuta, bila kutoa macho kwa printa akauliza, "Gani, si ile inaitwa Kaunti?" na Wato akasema hiyo hiyo, na Kaberia akasema, "Ati Kaunti imekufa? Na mimi nilikuwa nangoja tenda," saiba yote ikacheka, hata Ekiru alicheka, alisikia mdomo wake ikicheka peke yake huko mbele ya uso wakati macho inarudia kuhesabu barua, kisu, mkate, kwa sababu Lomorukai ni mjomba wake, ndugu ya mamake Regina, na hiyo mbwa ni Lomorukai mwenyewe aliipatia jina akisema inakula kila siku na kazi yake haionekani, mbwa ya manjano, sikio moja, ilikuwa inalala kwa miguu ya Ekiru hapo Gotu... tulia, mbwa haikukuuma, ni ukweli, hakuna mbwa imewahi kuuma Ekiru maisha yake yote, anaweza kuapa kanisani, na akiwa bado anajiambia hivyo kidole yake ikawasha, hiyo ya kubonyeza, hapo kwa kifundo, hapo penye kuna kamstari keupe kamekauka... si imekuwanga ikiwasha? si ni mausi, mtu akishika mausi masaa mbili lazima kidole iwashe, hii mausi ya Kaberia ni ngumu kama sabuni ya kipande, hata watu wengine wanalalamika, "Ekiru," Kaberia anaita, "hayo maji uliomba ni ya kuangalia? Kunywa uondoe kikombe hapo, ukimwagia kibodi yangu hiyo kompyuta utaioa," na Ekiru anasema sai, sai nakunywa, na anaangalia kikombe, ya plastiki, kijani, imejaa mpaka juu, imewekwa hapo karibu na mkono wake, aliiomba yeye mwenyewe kabla Wato aingie, alikuwa na kiu ile ya ukweli, jua ya leo inapiga mabati ya mtaa wa Wabera mpaka misumari inalia, na sai kiu haijaisha lakini koo... koo imekuwa ndogo, imekuwa kama mtu ameifunga na uzi, meza mate, amemeza, yameenda, yameenda lakini kwa shida, ama si kwa shida, mtu mwingine mwenye hana wasiwasi humezanga mate aje, hujawahi kufikiria, ukishafikiria tu hujui tena venye mate inamezwa.

Siku kumi na tisa, hata hakujua anahesabu na hesabu tayari iko kwa kichwa, siku kumi na tisa tangu ile asubuhi ng'ombe nyekundu ya Lomorukai ilikataa kutoka na wengine, ilisimama hapo nje ya boma shingo imenyooka, mate inaning'inia mpaka chini kama nyuzi za buibui, na sauti inatoa si ya ng'ombe, ni ya geti imekaa miaka bila grisi, na Lomorukai akaizunguka mara moja akasema ni plastiki, ni hizi karatasi za barabarani, zilikatazwa lakini ng'ombe hawakusoma hiyo sheria, imekwama kwa koo, itoe, na nani hajui hiyo, kila mtu mwenye amelelewa na mifugo anajua mnyama ikishindwa kumeza unaweka mkono, unatoa mfupa, unatoa mwiba, unatoa karatasi, inapona, inaenda malishoni, hiyo si ujanja, hiyo ni kama kupiga mtu mgongo akipaliwa, na Lomorukai akasema, "Ekiru, wewe uko na mkono ya kompyuta, nyembamba, ingiza wewe," yeye mwenyewe akavuta ulimi kando, na Ekiru akaingiza mkono, moto ndani humo, kama kuingiza mkono kwa sufuria ya uji, mpaka karibu na kiwiko, akatafuta na vidole, hakuna, laini tu, laini na inatetemeka, "Iko?" "Haiko mjomba," "Tafuta vizuri, ama unatafuta na kidole ya simu?" na jino la nyuma likafunga, si kuuma, hiyo si kuuma, ni kukwaruza tu, akatoa mkono na kamstari kekundu hapo kwa kifundo, na Lomorukai akatoa tumbaku kwa shavu akampaka hapo juu, akacheka, akasema damu ni kidogo kushinda ya mbu, kisha akaingiza mkono yake mwenyewe, ile mkono ilikuwa imekata miiba ya boma tangu alfajiri, imechorwa chorwa yote kama kitabu ya mtoto wa nasari, aliingiza mpaka juu, akazungusha, akatoa, hakuna, na ng'ombe ikakufa kesho yake saa nne, na Lomorukai, juu hakutaka kuonekana muongo, akaipasua koo na kisu aonyeshe Ekiru plastiki, na plastiki haikuwa, walisimama hapo wote wawili wakiangalia koo safi kabisa, na Lomorukai akasema, "Basi imemeza," wakacheka, Mungu wangu, walicheka.

"Si ni ule bweha," Wato anaendelea, na Ekiru hataki kusikia lakini masikio hayana mlango, "ule bweha aliingia boma mchana kabla ya mvua, unakumbuka nilikuambia, bweha wa kuingia mchana, Kaberia, mchana! alipigana na hiyo mbwa, akauma ng'ombe nyekundu kwa mguu, wakamfukuza wakasema ni njaa," na Kaberia anauliza, "Na hiyo ng'ombe?" na Wato anasema ng'ombe ilikufa kitambo, walisema ni plastiki... na kwa skrini Mzee Taa amechoka kungoja, amekaa juu ya jiwe, anapangusa taa na koti, hiyo pia ni mpya, zamani ukimwacha alikuwa anasimama tu kama mti, miguu vidoti sita, uso vidoti vinne, na Ekiru anabonyeza F moja, juu kwa kibodi kuna hicho kidude, watu wametengeneza hii gemu upya wameacha hicho kidude makusudi, ukibonyeza picha yote inarudi venye ilikuwa, milima nzuri inakuwa pembe tatu za zambarau, nyasi inakuwa mistari, muziki inakuwa ya kengele ya toy, na Ekiru anakuwa na miaka kumi, tap, anarudi, yuko kwa ile chumba ya maktaba nyuma ya uwanja, mwaka ule kaunti ilianza, kompyuta nne za msaada, skrini za kisogo kirefu zinanuka vumbi moto, na Abiba rafiki yake amekaa kando, Abiba anamshinda miaka miwili na kizungu yote, Abiba anasoma, Ekiru anabonyeza, hiyo ndio ilikuwa kazi yao, yeye hakujua kusoma hizo maneno na Abiba hakuwa na subira ya kubonyeza kila jiwe, "Anasema barua ipelekwe kabla kisima kikauke," "Kisima gani?" "Sijui abbo, bonyeza tu, we unauliza kama polisi," na hawakujua jina ya gemu, waliita Mzee Taa, walicheza likizo nzima, walivuka daraja siku ya kwanza kabisa, wakapita msitu, wakapita nyumba ya saa mia moja za ukutani, wakafika kisima, wiki ya nne, wakafika mdomo wa kisima na Mzee Taa akasema kizungu moja na Abiba akasoma, "Anasema anahitaji kitu ya kushukia," wakatafuta, kila jiwe, kila mti, wakarudi nyumba ya saa, wakarudi msitu, siku tatu, wakaandika kwa kitabu ya mazoezi kila kitu wamegusa, mpaka siku moja Abiba akaanza gemu upya kwa hasira na kwa picha ya kwanza kabisa, kando ya mlango ya Mzee Taa, kuna vidoti tatu vya kahawia walikuwa wanafikiria ni mavi ya mbuzi, kumbe ni kamba, na ukivuka daraja inaanguka, huwezi kurudi, gemu haikuambii kitu, inakuacha utembee, inakupigia muziki, inakupatia mkate na barua, wiki nne, Abiba alicheka mpaka akalala kwa meza akasema, "Ekiru, tulikuwa tumekufa siku ya kwanza! Tumecheza wiki nne tukiwa maiti!" na mwenye maktaba akawaambia shii, na Ekiru hakucheka, alienda nyumbani akashindwa kulala, mtoto wa miaka kumi, anafikiria mtu anaweza kuwa anatembea, anakula, anacheka, anasalimia watu, na amekufa kitambo kwa picha ya kwanza na hakuna mtu wa kumwambia.

Lakini wewe uliambiwa... nyamaza... uliambiwa, siku kumi na moja zimepita, Abiba alikuambia, alikuwa nyuma ya dirisha ya agroveti penye anauza dawa ya kupe, karibu na soko ya mifugo, amevaa buibui nyeusi, kalamu kwa sikio, na wewe ukaenda kumpigia stori, ukiringa, ati umeingiza mkono kwa koo ya ng'ombe mpaka kiwiko, ukidhani atacheka, na hakucheka, aliweka kalamu chini, "Inatoa mate? Haiwezi kumeza? Na ukaweka mkono? Ekiru, we ni mjinga wa wapi? Hiyo si plastiki, hiyo inaweza kuwa kichaa, ng'ombe pia hushikwa, ndio wafugaji wanakufa hivi hivi na mkono kwa koo ya mnyama, enda hospitali leo, si kesho, uoshe hapo na sabuni na maji mengi, na mjomba wako aende, muambie sai, mpigie sai," na Ekiru akasema sawa, na hakuenda, kwa nini hakuenda, alienda mpaka geti akaona laini ya watu, akakumbuka venye watu husema, ati ni sindano ishirini na moja, kwa tumbo, kando ya kitovu, ndefu kama spoku ya baiskeli, akasimama hapo kama dakika mbili, akaona mtu mwenye anamjua, akajifanya anapita, na kesho yake Abiba akapiga simu, "Umeenda?" na Ekiru akasema, "Nimeenda, wamenidunga," hivyo tu, ilitoka laini kama mate, na Abiba akasema alhamdulillahi, "Na mjomba?" na akasema, "Pia yeye, amedungwa," kwa nini alisema pia yeye, hakuna mtu alimshikia bunduki, ni vile tu uongo ya kwanza ilihisi upweke, na pia hakutaka Abiba amuone mjinga mara ya pili ndani ya siku mbili, Abiba mwenye amemsomea maisha yake yote, shule yeye Ekiru aliachia kidato cha pili na Abiba bado anamsomea meseji za kizungu, na hiyo simu ikakatwa, na Abiba akaacha kuuliza, na hapo ndio daraja ilianguka, si leo, si na Wato, hapo.

"Mwaka jana huko upande ya Merti nilibeba mtu wa hiyo kitu," Wato anasema, na sauti yake imeshuka, hata mama mwenye anangoja barua yake itoke kwa printa amegeuka, "si kwa boda, kwa pikapu, mimi nilikaa nyuma kumshika, alikuwa mzima, anaongea, anatania, anaomba miraa, shida yake ni maji tu, mpatie maji uone, anataka, ana kiu, anainua kikombe, ikifika hapa," na Wato anaonyesha kidevu, "mwili yote inaruka, shingo inakazana, maji inamwagika, analia, mwanaume mzima, hata ukimimina maji karibu yake anasikia ile sauti anatetemeka, ndugu zake wakamfunga na kamba mikono na miguu, juu alikuwa anawaomba wamfunge asiwaume," na yule mama anasema aki Mungu, na Kaberia anasema, "Akapona?" na Wato anachomoa simu anaangalia chaji, anarudisha, anasema tu, "Hiyo ikishaanza haiponi, Kaberia, hiyo ikishaanza ni kuchimba," na printa tu ndio inaongea, na Kaberia anageuza shingo, "Na huyu naye! Ekiru! Bado unaogopa maji yangu? Ni ya mfereji, si ya mtaro," na watu wanacheka kidogo, ile kicheko ya kutoa baridi, na Ekiru anasema sai, nangoja nimalize hapa, na mkono wake unaenda kwa kikombe, vidole vinaishika, baridi, na maji juu inatingika, ni mkono inatetemeka ama ni ile fani ya Kaberia inatingisha meza, hajui, akiinua atajua, hiyo ndio shida, akiinua atajua, maji ikifika kidevu na shingo iruke basi imekwisha hapa hapa mbele ya watu, watakimbia, viti zitaanguka, Wato atafunga mlango kutoka nje, wataleta kamba, na asipoinua hajui, na mtu mwenye hajui bado ni mtu, anaweza kukaa hapa na mausi mpaka jioni akiwa mtu, anaachilia kikombe, anarudisha mkono polepole kwa mausi kama mwizi.

Aangalie mahali pengine, aangalie skrini, kuna mwanamke mzee amekaa kando ya njia baada ya daraja, chini ya mwamba, na huyo anamkumbuka, F moja, zamani alikuwa tu pembe tatu ya bluu na kidoti cha rangi ya ngozi, ukimbonyeza Mzee Taa alikuwa anasema maneno nne na Abiba alikuwa anasoma, "Mwanamke mzee, anakuangalia," basi, mara mia walimbonyeza, mara mia anakuangalia, hakuwa na kazi, waliomchora walimwacha tu hapo kama kupamba, F moja tena, na sasa ako na uso, makunyanzi, shanga shingoni tabaka tabaka, karibu afanane na nyanyake wa upande wa mama, na Ekiru anambonyeza tu juu hana kitu ingine ya kufanya na kidole, na mwanamke anainua kichwa, anaongea, ako na sauti, miaka kumi alikuwa anaangalia tu na sasa ako na sauti, anasema kitu kuhusu daraja, na chini kunatokea maneno nne za kuchagua, kizungu, na Abiba hayuko kando, Ekiru anayatafuna mwenyewe neno kwa neno, ya kwanza ni, hali ya hewa ni nzuri leo, ya pili ni, mimi sijapotea, ya tatu ni, kwaheri, na ya nne ni ndefu, anarudia mara mbili, anaweka kidole kwa skrini venye Abiba alikuwa anaweka... nimeacha kitu nyuma na siwezi kurudi, nisaidie... na anaelewa, hapo hapo, hao watu wametengeneza hii gemu upya walijua, watu wengi walikufa kwa hiyo daraja huko kwao, si yeye na Abiba pekee, walilalamika, na wenye gemu hawakujenga daraja, daraja bado inaanguka, waliweka mtu wa kuuliza, kamba nyingine iko na huyu mwanamke, lakini hatoi kama hujasema, unaweza kumsalimia jua nzuri mpaka usiku hatakupatia, lazima useme ile ya nne.

Na kidole inawasha, inawasha ama anaifikiria, na sauti ya Abiba inarudi, yote, hata ile nusu hakutaka kusikia siku hiyo akiangalia makopo ya dawa ya kupe, "Inatembea, Ekiru, haipandi kwa damu, inatembea na mishipa polepole kama mtu wa miguu, kutoka hapo kwa kidole mpaka kichwa, wengine wiki, wengine miezi, ukidungwa kabla ifike inasimamishwa, ikifika ndio hakuna," na ni sindano chache, alisema, za mkono, nani alikuambia tumbo, ...kama mtu wa miguu, na Ekiru anaona kabisa, kitu ndogo na taa yake ndogo inapanda ndani ya mkono wake, siku kumi na tisa, imefika wapi, kiganja, kiwiko, imekaa kwa bega inapangusa taa, angekuwa na kile kidude kingine cha gemu, ile ndefu ya chini ya kibodi, ukiishika kila kitu ya maana inawaka nyota, angejishika aone inawaka wapi... na mkono ya Lomorukai ni ndefu, hiyo ndio inamjia, bila kuitwa, mkono ya mjomba ni ndefu na miiba iliichora mahali ishirini, kwa kila mchoro kamtu kamoja na taa, ishirini wanapanda, na Wato anasema huko nyuma, "Jana nimemwacha anachimbia hiyo mbwa shimo na mikono, anaiomboleza, anacheka, unajua Lomorukai, anasema sasa tutatawaliwa na nani," na watu wanacheka, na ni ukweli angesema hivyo, huyo ni yeye kabisa, anakula, anacheka, anasalimia watu, na hajui kuna daraja, hajui kuna kamba, hakuna mtu amemwambia, Abiba mwenye angemwambia aliambiwa mjomba amedungwa, yuko Gotu sai anachota chai akipuliza, na hakuna Wato wa kulaumiwa hapo, hakuna bweha hapo, kuna Ekiru, Ekiru peke yake ndio anajua huyo mzee yuko kwa picha gani.

Na uoga haijatoka, asidanganywe mtu, iko, imejaa mpaka masikio, lakini imegeuka upande, kama mzigo umehamishwa bega, dakika moja iliyopita ilikuwa inamwambia kaa, usiinue kikombe, usijue, na sasa hiyo hiyo inamwambia simama, juu kama kamtu kamefika kwapa bado kuna bega, bado kuna shingo, na huko Gotu pia bado kuna bega, ama hakuna, lakini mtu hawezi kusema hakuna akiwa amekaa, atasema nini, aanzie wapi, Wato uko na mafuta, hapana, hiyo ni hali ya hewa nzuri leo, Kaberia nisaidie simu nipigie mtu, hiyo pia bado ni kuzunguka, Abiba lazima asikie nilidanganya, hata yeye, hata akinitusi mbele ya wateja wa agroveti wote, na mjomba anapanda boda ya nani mpaka hospitali ya mjini, ya huyu huyu Wato, na Wato akijua atakubali kunibeba, atakubali kunipa mgongo nishike, baada ya ile stori yake... kwa skrini mwanamke bado ameinua kichwa, anangoja, maneno nne bado zinawaka chini, hajabonyeza yoyote, kikombe kijani bado kimejaa mpaka juu, maji inatingika kidogo, fani inazunguka, printa imemaliza barua ya mama, Wato anavaa helmeti, anachomoa simu, anasema haya Kaberia, na Ekiru anamsikia akienda mlangoni, hatua moja, mbili, na anafungua mdomo, ulimi imekauka kama gunzi, na ile ya nne iko hapo juu ya ulimi, kwa kiswahili, hakuna haja ya mtu kumsomea.